Mguu wa Asnaku

Asubuhi ambayo fundi Workneh alimfungia Asnaku diski na pedi mpya za breki, mji mzima ulikuwa na la kusema. Mji wenyewe umekaa ukingoni mwa bonde la Abai, upande wa Gojam, na hapo breki si mazungumzo ya mafundi peke yao. Barabara inaanza kuteremka pale maduka yanapoishia, na haiachi kuteremka mpaka mtoni, kona juu ya kona. Harufu ya pedi zinazoungua hupanda na upepo mpaka majikoni. Sasa mjane afunge breki mpya kwenye basi dogo la marehemu mumewe, tena atake kulishusha bondeni kwa mkono wake mwenyewe, ulimi gani ungetulia?

Mume alikuwa Yitbarek, na figo ndizo zilizomuua. Arobaini yake haijapoa, mdogo wake Mesafint akaja na wazee kudai gari. Gari ni la ukoo, alisema, na mwanamke hawezi kushuka Abai. Asnaku akawaambia leseni anayo, na mwaka mzima wa ugonjwa ni yeye aliyekuwa akiliendesha, mumewe amekaa pembeni kajifunika blanketi, na hakuna abiria aliyepata kulalamika. Wazee wakasikiliza, wakanywa pombe yake ya tella, wakashiba, wakatoa hukumu ambayo wao waliiona ya haki. Mwenyekiti wa chama cha madereva, mzee Gashe Shibabaw, apande naye mpaka darajani, amtazame. Akimkubali, gari ni la Asnaku na zamu kwenye foleni ni yake. Akimkataa, ufunguo uende kwa Mesafint siku hiyo hiyo. Nacho chama kikaongeza sharti lake, kwamba kabla ya jaribio breki za mbele zifungwe mpya.

Hivyo ndivyo Asnaku alivyojikuta gereji kwa Workneh, amekaa juu ya tairi kuukuu, gauni lake jeusi la msiba likiwa na doa la grisi, akimtazama fundi akikaza nati ya mwisho.

"Ya mkono bado," Workneh alisema. "Waya umekatika. Kesho asubuhi, kabla ya jaribio, nitakuletea mwingine, kabla Gashe Shibabaw hajamaliza kunywa kahawa yake. Leo uendeshe hivyo hivyo, ila usipaki kwenye mteremko."

"Sawa."

"Na hizi za mbele usiteremke nazo bondeni leo. Uzikaange kwanza."

"Workneh, we! Mimi nazoesha breki tangu wewe unatumwa kununua sigara za mafundi wenzako."

Fundi akacheka. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka michache tu, lakini alimpenda kwa utani wake, na alimpenda zaidi kwa sababu alikuwa mteja pekee aliyejua kwamba breki haziishii gereji.

Yitbarek ndiye aliyemfundisha, naye alimfundishia jikoni. Alimwonyesha mitadi, kile kigae kipana cha udongo ambacho kila nyumba ya kule huokea injera, mkate wao mwembamba. Mitadi ikitoka sokoni huwezi kuimwagia unga siku hiyo hiyo, injera itanata na utaikwangua kwa kisu huku ukilia. Unaipasha moto taratibu, unaisugua kwa mbegu zilizopondwa zenye mafuta, unaipangusa, unaipasha tena, unaiacha ipoe yenyewe. Unarudia mpaka iwe nyeusi na ing'ae. Breki mpya nazo ni hivyo hivyo, alisema Yitbarek. Unakimbiza gari kwenye tambarare, unakanyaga pedeli kwa nguvu mpaka mwendo ubaki wa punda, lakini husimami. Unaachia, unakimbiza tena, unakanyaga tena. Kila ukikanyaga, pedi inaipaka diski ngozi nyembamba, sawasawa pande zote. Ukisikia harufu, basi inatosha. Hapo unaendesha mbali bila kugusa pedeli, upepo upooze chuma. Kosa kubwa kuliko yote ni kusimama ungali umekanyaga wakati diski imewaka. Pedi itaacha alama yake mahali pamoja, na kuanzia hapo kila alama hiyo ikizunguka, pedeli itakupiga unyayo mpaka siku utakapozitupa diski.

Kuhusu maji hakumwambia kitu. Ni mwanamke gani anayemwagia maji baridi mitadi iliyo motoni?

Alitoka na gari kuelekea upande wa Debre Markosi, ambako nchi ni tambarare na mashamba ya tefu, nafaka ya injera, yanafika mpaka kando ya lami. Akakimbiza, akakanyaga. Akakimbiza, akakanyaga. Pale kwenye banda la kahawa, vijana wasio na kazi waliokuwa wakimsubiri apite wakapata sherehe.

"Asnaku! Breki ni ile ya katikati!"

"Mwacheni, anatafuta honi!"

"Dada, punda wangu naye hutembea hivyo, ila yeye tunampa dawa!"

Aliporudi mbele yao mara ya pili aliteremsha kioo. "Punda wako anatembea hivyo kwa sababu anatafuta njia ya kukukimbia," akawaambia, na banda zima likamcheka yule kijana badala yake. Moyo wake ulikuwa mwepesi siku hiyo. Pedeli ilikuwa inaanza kushika vizuri, laini na imara, na kila akikanyaga alihisi gari linamtii zaidi kuliko mara iliyotangulia. Ile harufu ikaja. Akaridhika. Akageuza gari, akaweka gia ya kati, akaondoa mguu kwenye breki, akapanga kuupita mji polepole kwa njia ya juu, azunguke mpaka kiwanda cha matofali na kurudi, chuma kipoe.

Njia ya juu hupita mbele ya kanisa la Mikaeli, na siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mikaeli ya kila mwezi. Watu walikuwa wamejaa nje ya lango na shuka zao nyeupe. Katikati ya barabara, mikono imetandazwa kama anayezuia ng'ombe, alisimama Mesafint. Kando yake alikuwa Abba Libanos, kasisi, na msalaba wake mkononi, na mama mkwe, Mama Debritu, ameshika dumu la manjano la maji ya baraka.

Asnaku akapiga honi. Mesafint hakusogea. Akapiga tena. Watu wakageuka kumtazama mwanamke anayepigia honi kasisi. Ikabidi asimame.

"Shemeji!" Mesafint alisema kwa furaha, akiinama dirishani. "Unakwenda jaribioni bila baraka? Nimembembeleza Abba atoke nje kwa ajili yako. Ana dakika chache tu kabla ya ibada."

"Ngoja nizunguke kwanza, Mesafint. Nakwenda mara moja narudi."

"Unazunguka wapi? Abba akusubiri wewe?"

"Basi nizime injini."

"Gari linabarikiwa injini ikinguruma. Umesahau? La kaka lilibarikiwa hivyo hivyo, hapa hapa."

Ni kweli, ndiyo desturi, gari hubarikiwa likiwa hai. Na mahali pale mbele ya lango ni mteremko. Breki ya mkono haikuwepo. Mbele ya bampa alisimama kasisi, na nyuma ya kasisi watoto wa watu wamejazana kutazama. Asnaku hakuwa na pengine pa kuuweka mguu wake ila juu ya pedeli, na pedeli ilikuwa chini, na kule ndani ya magurudumu pedi zilikuwa zimeng'ang'ania diski iliyowaka moto, mahali pamoja, kama alivyoambiwa asifanye kamwe.

Abba Libanos alikuwa na haraka, lakini haraka ya kasisi wa Gojam bado ni sala ndefu. Alimwombea marehemu, akawaombea abiria, akaliombea bonde na nyani wake. Asnaku alikuwa akiitikia amina huku meno yameumana. Kisha akamwona Mesafint akilipokea dumu kutoka kwa mama yake na kufungua kifuniko, na akajua kinachofuata.

Angeweza kusema. Hilo atakuja kulitafuna miezi mingi baadaye. Neno lilikuwa limefika mdomoni: Abba, chuma ni cha moto, tungoje. Lakini aliziona nyuso za wale wanawake. Tangu Yitbarek augue walikuwa wakinong'ona kwamba ana jicho baya, kwamba mwanamke anayeshika usukani huku mume wake anakauka pembeni hawezi kuwa mtu wa hivi hivi. Na mtu mwenye jicho wanamjua kwa kitu kimoja, huogopa maji ya baraka. Akikataa maji mbele ya lango la Mikaeli, siku ya Mikaeli, hata Gashe Shibabaw hatapanda naye. Akanyamaza. Aliona kunyamaza ndiyo akili.

Kasisi alinyunyiza matone yake machache kwenye bampa na kioo, akamaliza. Mesafint hakumaliza. Alizunguka gari akimwaga maji kwenye magurudumu ya mbele, kushoto kisha kulia, bila uchoyo, mpaka dumu likawa jepesi. Chuma kikapiga kelele. Moshi mweupe ukafumka kutoka kila upande, ukaficha matairi.

"Shetani anatoka!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Anatoka! Mwoneni!"

Vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wa kanisani wakaruka. Mama Debritu alikuwa analia machozi ya kweli, maana mwanawe alifia kwenye gari hilo polepole, na sasa aliyemuua alikuwa anaonekana kwa macho akiondoka. Asnaku alikaa nyuma ya usukani, mguu juu ya pedeli, akiusikia mlio ule wa chuma ndani ya mifupa yake. Alimchukia Mesafint pale pale, na alijichukia yeye mwenyewe kidogo tu chini ya hapo.

Kesho yake asubuhi Workneh alileta waya, akawasha tochi ya simu yake na kuchungulia ndani ya gurudumu.  Kisha akamwita Asnaku atazame. Juu ya diski, iliyokuwa mpya jana, palikuwa na doa la buluu lenye umbo la pedi, dhahiri kama alama ya mhuri.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mikaeli," Asnaku alisema.

"Nyingine mpaka zitoke Addis. Ahirisha jaribio, dada. Sema unaumwa."

Alikwenda kumwona Gashe Shibabaw, aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti chake mbele ya ofisi ya chama, usinga wa kufukuzia nzi begani. Lakini Mesafint alikuwa amewahi, amejaa pale na kikombe mkononi, na kabla Asnaku hajamaliza salamu akasema, "Si nilikwambia, Gashe? Kaja kuomba siku nyingine. Anaogopa."

"Unaogopa, binti yangu?" Gashe Shibabaw aliuliza, na si kwa ubaya. "Kuogopa si dhambi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitapika."

"Siogopi, Gashe. Diski zimeharibika."

"Zimefungwa jana."

"Zilimwagiwa maji zikiwa na moto."

"Maji gani?"

Waliokuwa pale wakamtazama. Mesafint akapuliza kahawa yake, akingoja jibu kwa hamu. Asnaku akaona mtego ulivyokaa, akasema, "Twende tu."

Wakashuka. Gashe Shibabaw alikaa mbele, Mesafint na madereva wengine wawili nyuma. Kwenye kona za kwanza Asnaku alitumia gia ndogo, injini ishike gari, breki aiguse kidogo tu. Kona hizo alizijua kuliko vyumba vya nyumba yake. Alijua pale ambapo nyani hukaa katikati ya lami wakisubiri maganda, alijua ukuta ulioliwa na lori la saruji, alijua mahali pa kumwachia mwenye mzigo apite. Gashe alianza kuimba kwa pua, na dereva akiimba kwa pua bondeni maana yake hana wasiwasi.

Kisha ikaja ile kona ndefu chini ya jabali jekundu, ambapo gia peke yake haitoshi. Akakanyaga, na pedeli ikamjibu. Ilimpiga unyayo, tap tap tap tap, ikapanda mguuni mpaka gotini, usukani nao ukaanza kutikisika mikononi mwake. Gari lilipunguza mwendo vizuri, halikuyumba, halikutoka kwenye mstari wake, lakini lilitetemeka lote kama mwenye homa ya malaria. Gashe Shibabaw akaacha kuimba. Hakutazama gurudumu wala usukani. Alitazama goti la Asnaku, lililokuwa likiruka chini ya gauni jeusi.

"Mguu wako unatetemeka, binti yangu."

"Si mguu, Gashe. Ni pedeli. Diski zina alama."

"Naona mguu."

"Unaruka kwa sababu pedeli inaurusha! Weka wako uone."

Kule nyuma wakacheka. "Gashe akamkanyagie mjane breki!" mmoja alisema. "Mkewe akisikia leo halali ndani."

"Tulia, binti yangu," Gashe alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko kicheko. "Pumua. Tupeleke salama tu."

Akawapeleka salama. Kona zote zilizobaki, gari likitetemeka, yeye akiling'ang'ania, aliwafikisha mpaka darajani bila kukwaruza hata rangi. Dereva aliyeweza kushusha gari lile siku ile kwa breki zile alikuwa dereva kuliko wote waliokaa nyuma yake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na habari. Chini kulikuwa na joto la tanuri. Walishuka, wakanunua soda kwenye kibanda, wakanywa wamesimama kivulini. Gashe Shibabaw alifuta shingo yake kwa muda mrefu.

"Unajua njia," alisema mwishowe. "Hilo sitalificha. Lakini mtu ambaye mguu unamtetemeka, mimi siwezi kumpa watu."

"Gashe, nakuomba kitu kimoja. Aendeshe mwingine. Aendeshe Mesafint. Akikanyaga, utaona."

"Haki," Gashe alisema. "Mpe ufunguo."

Na hapo ndipo Asnaku alipojimaliza mwenyewe. Alikuwa na hasira, alikuwa na kiu, aliutoa ufunguo mfukoni akaukabidhi kwa mkono wake, na ni pale tu Mesafint alipowasha injini na kuelekeza pua ya gari nyumbani alipotambua alichokifanya. Njia ya kurudi ni ya kupanda. Kutoka darajani mpaka mjini, nani anakanyaga breki?

Gari lilipanda likinguruma, kona juu ya kona, bila kutikisika hata kidogo. Mesafint alikaa nyuma ya usukani ametulia kama aliyekaa harusini.

"Tunapanda, Gashe!" Asnaku alisema kutoka kiti cha nyuma. "Mtu anapanda, hakanyagi! Mwambie asimamishe mahali pa tambarare, akimbize, akanyage!"

"Tunapanda, ndiyo," Gashe Shibabaw alisema bila kugeuka. "Na gari limetulia."

"Shemeji, kubali tu," Mesafint alisema. "Mkono wa mwanamume ni mkono wa mwanamume. Siyo kosa lako."

Asnaku akalia, akajilaumu kwa kulia, maana sasa walikuwa na machozi ya kuongeza kwenye ule mguu. Hakuna aliyesimamisha gari. Walipofika juu, Mesafint aliuweka ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, na wazee waliokuwa wakingoja wakapeana mikono, wameridhika kwamba mambo yamekwisha kwa amani.

Kuanzia hapo, habari ya mguu wa Asnaku ikawa mali ya mji. Mtu akishika kikombe kikamtetemeka, wanamwita Asnaku. Yeye alianza kuoka injera za kuuza hotelini, na kila asubuhi alizisikia honi za foleni akiwa mbele ya mitadi, moshi machoni, akijua kwa sauti tu ni gari lipi linatoka.

La Mesafint lilitoka siku chache tu. Siku ya kwanza ya kushuka nalo, inasemekana alifika darajani ameloa jasho. Hakumwambia mtu. Aliliegesha nyuma ya nyumba, akaeneza kwamba lina tatizo la injini, akaagiza diski mpya na pedi mpya kimya kimya kutoka Addis. Workneh alipozifunga alimwambia jambo moja tu, na kwa jambo hilo Mesafint alikuja kusimama mlangoni mwa jiko la Asnaku, kofia mkononi.

"Shemeji. Umelalaje?"

"Nimelala."

"Workneh anasema breki hazijazoeshwa. Anasema mjini hapa wa kuzizoesha vizuri ni wewe."

Asnaku alimimina unga kwenye mitadi kwa mzunguko, kutoka nje kuja ndani, akafunika. Injera ilipoiva akaibandua.

"Na mguu wangu?" alisema.

"Tambarare ile, shemeji. Hakuna bonde." Akacheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake. "Mama anapanda leo. Anakwenda Addis kutibiwa macho. Usinifanyie mimi, mfanyie yeye."

Hilo la mama lilikuwa la kweli, na lingetosha kuwa sababu. Lakini ukweli mwingine ulikuwa huu, kwamba alitaka kuushika tena usukani, walau saa moja, na aliona aibu jinsi alivyotaka. Akanawa mikono.

Alizizoesha kama Yitbarek alivyomfundisha, upande wa mashamba ya tefu, kimya, na safari hii hata wale wa banda la kahawa hawakupiga kelele, maana walijua gari ni la mwanamume. Aliendesha mpaka kiwanda cha matofali na kurudi, na kwenda tena, kwa sababu upepo ulihitajika na kwa sababu hakutaka kufika. Alipofika mbele ya lango la kanisa, Mesafint alikuwa amekaa juu ya jiwe na Abba Libanos, wanazungumza. Mama Debritu alikuwa kando na mzigo wake wa safari na dumu la manjano, limefungwa. Abiria wengine walikuwa wanasubiri. Mesafint aliinuka, akaweka kiganja karibu na gurudumu la mbele, kisha akaligusa.

"Bado lina uvuguvugu," akamwambia kasisi. "Tungoje kidogo, Abba."

"Tungoje, mwanangu. Hakuna haraka."

Asnaku alishuka polepole. "Mnangoja nini?"

"Chuma kipoe," Abba Libanos alisema, akimnyooshea msalaba aubusu. "Mesafint kaniambia maji hayamwagwi chuma kikiwa na moto. Nikamwambia, mimi nimekulia jikoni kwa mama yangu, nani hajui? Hata mitadi utaipasua. Nalaumu tu siku ile sikuambiwa. Ungesema neno, binti yangu, ningengoja."

Asnaku aliubusu msalaba. Akamfuata Mesafint upande wa mlango wa dereva, ambako hakuna aliyewasikia.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Siku ile ulikuwa unajua."

"Nimefanya kazi kwenye malori tangu sijaota ndevu, shemeji. Kila mtu anajua."

"Basi mbona ulimwaga?"

Mesafint aliinama, akavuta kile chuma chini ya kiti, akakisukuma kiti nyuma, maana miguu yake ni mirefu. "Siku ile gari lilikuwa lako," alisema.

Maji yalinyunyizwa chuma kilipopoa. Hayakutoa sauti wala moshi. Mama Debritu, macho yake yametanda ukungu, alisogeza uso karibu na gurudumu akitafuta.

"Mbona leo shetani hatoki?"

"Leo anaendesha, mama," Asnaku alisema.

Wanawake wawili watatu wakaziba midomo. Mesafint akacheka kwa sauti, alikuwa na nafasi ya kucheka, akampandisha mama yake kiti cha mbele na kufunga mlango. Gari likaondoka, likapita mbele ya ofisi ya chama, likaingia mteremko. Kwenye kona ya kwanza taa nyekundu za nyuma ziliwaka, na gari likapunguza mwendo taratibu, bila kutikisika, laini kama linalovutwa kwa uzi.

Gashe Shibabaw aliinuka kitini mwake, akalielekezea usinga ili madereva vijana waone.

"Mnaona?" alisema. "Huo sasa ndio mguu."

Asnaku alikuwa amepita nyuma yake wakati huo, anarudi jikoni. Unga wake ulikuwa umeshaumuka na hoteli ilitaka injera kabla ya saa sita.